Uzito Unaotoka Juu: Utangulizi wa Somo la Heshima na Mafanikio

Jumamosi moja nilialikwa kwenye sherehe ya shukrani huko Gudele, pembezoni mwa Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini. Binti wa nyumba ile alikuwa amehitimu chuo kikuu huko Kampala. Turubai lilifungwa kati ya mwarobaini na uzio wa mabati, viti vya plastiki vikapangwa, na jenereta ikafichwa nyuma ya jiko ili isishindane na spika za kukodi. Fahali alikuwa amechinjwa alfajiri. Nilipofika, wanaume watano walikuwa wamechuchumaa wakimkata, na mzee mmoja amesimama juu yao akielekeza kwa fimbo: hiki weka huku, hiki weka kule.

Mama wa binti alipopewa kipaza sauti alizungumza Kiarabu cha Juba, na kila baada ya sentensi mbili tatu alimtaja Rabuna, Mola wetu. Nilingoja amsifie mwanawe. Hakumsifia. Alianza na shangazi aliyembeba mtoto mgongoni wakati wa kuvuka mpaka wa Uganda. Akaja kwa jirani wa kambini Adjumani aliyewapa nafasi ya kulala, kisha kwa parokia iliyolipa karo ya mihula miwili, kisha kwa mjomba aliyeuza mtamba. Mwishoni kabisa akasema, na binti naye alisoma. Kisha akaita watu kwa majina, mmoja mmoja, waje kuchukua sehemu yao ya nyama. Vijana waliokulia katika kambi ya Kakuma, nchini Kenya, wakapokea kipaza sauti, na uwanja mzima ukaingia kwenye nyimbo za Kiswahili.

Nimefundisha theolojia miaka mingi, na nakiri kwamba hotuba ile ya dakika kumi na tano ilikuwa na mafundisho mengi kuliko mihadhara yangu kadhaa. Mama yule alikuwa na jibu kamili kwa swali ambalo wasomi wa Kikristo wamelibishania tangu mwanzo: mtu anapoinuliwa, nani amemwinua, na baada ya kuinuliwa anadaiwa nini na nani? Somo unaloanza kulisoma linazunguka swali hilo. Karibu sana. Usiogope ukubwa wake; umekwisha kuishi ndani yake kabla hujalijua kwa jina.

Tuanze na maneno, kwa sababu lugha yetu yenyewe imelifikiria jambo hili kabla yetu. Kiswahili husema “nimefanikiwa”. Litazame vizuri neno hilo: limekaa katika kauli ya kutendwa. Shina lake ni kufana, jambo kwenda vizuri, lakini mtu anayesimulia habari zake hasemi kwamba yeye ndiye aliyetenda, anasema ametendewa. Ndivyo tunavyosema pia “nimejaliwa watoto wanne”, “amebarikiwa”, “wameruzukiwa”. Kwa mtihani tuna neno jingine, kufaulu, nalo linamwacha mtahiniwa abebe sifa zake mwenyewe. Lugha imetenganisha kile unachokifanya na kile kinachokujia, na mafanikio ikayaweka upande wa pili. Sidai kwamba sarufi inathibitisha kuwepo kwa Mungu. Nasema tu kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaposimama kanisani kutoa ushuhuda, nusu ya ungamo lake imekwisha kutamkwa na kitenzi.

Neno heshima lina siri nzuri zaidi. Tukisema mzee fulani ana heshima, tuna maana kwamba watu wanamheshimu. Tukisema mtoto fulani ana heshima, tuna maana kwamba yeye anawaheshimu watu. Neno lilelile linamfaa anayepokea na anayetoa. Asili yake ni Kiarabu, ambako linagusa haya na staha, na huku kwetu likapanuka hadi likawa kama maji yanayopita mkono hadi mkono. Mwenye heshima kwa maana ya kwanza asiyekuwa nayo kwa maana ya pili, Waswahili humwita mtu wa kiburi, na hawamwiti mwenye heshima kwa muda mrefu.

Sasa tuingie katika Maandiko. Watu wengi huanzia kwa Sulemani, aliyeomba hekima akaongezewa utajiri na heshima. Mimi nakushauri uanzie kwenye kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya pili hadi ya nne, na uzisome polepole kama unayechambua mchele. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa heshima au utukufu ni kabod, nalo limetoka katika shina lenye maana ya uzito. Sisi nasi tunasema mtu mzito, maneno mazito. Kinyume chake ni wepesi, na mtu asiyeheshimiwa katika Kiebrania ni mtu aliyefanywa mwepesi. Mwandishi wa Samweli anacheza na uzito huo katika sura tatu, lakini ukisoma tafsiri pekee huenda usiuone.

Hana, mwanamke aliyedharauliwa kwa kukosa mtoto, anaimba kwamba Mungu ndiye anayewatoa maskini mavumbini na kuwaketisha pamoja na wakuu. Mara tu baada ya wimbo wake tunaonyeshwa wana wa kuhani Eli. Watu wanapoleta dhabihu, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anauchomeka chunguni na kuchukua chochote kinachoinuka nao. Na wakati mwingine anadai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa ajili ya Bwana. Nabii anakuja kumwambia Eli kwamba amewapa wanawe uzito kuliko Mungu, nao wamenenepa kwa sadaka za watu. Neno ni lilelile la kabod. Katika sura ya nne, habari za vita zinapomfikia Eli, anaanguka kitini na kuvunjika shingo, na mwandishi anaeleza sababu: alikuwa mzee, tena mzito. Shina ni lilelile. Na mkwewe, akiwa katika uchungu wa kuzaa siku hiyohiyo, anamwita mtoto Ikabodi, kwa kuwa uzito wa Israeli umeondoka.

Uzito uliokusudiwa kuwa heshima uligeuka kuwa unene. Ukilielewa hilo, umeshika mlango wa somo lote. Kwetu kuna methali isemayo mpewa hapokonyeki, na watu huitamka kwa furaha mtu anapopata cheo. Habari ya Eli inasema mpewa hupokonywa. Nyumba yake ilikuwa imepewa ukuhani kwa ahadi, na ahadi ikavunjwa kwenye chungu cha nyama. Mwanafunzi mzuri wa somo hili hatakimbilia kuipatanisha methali na Maandiko. Ataziacha sauti mbili zibishane kwa muda na asikilize.

Nimetaja nyama mara nyingi, na nina sababu. Wana wa Eli walichukua kabla ya mgao. Katika uwanja wa Gudele, mzee mwenye fimbo alikuwa akisimamia mgao. Godfrey Lienhardt, katika kitabu chake juu ya dini ya Wadinka kilichotoka mwaka 1961, alieleza jinsi mnyama wa dhabihu anavyokatwa kwa kufuata ukoo: upande wa mama una sehemu yake, upande wa baba una yake, wazee wana yao, hata mwili wa fahali unakuwa kama ramani ya jamii yenyewe. Anayenyakua nyama anairarua ramani. Naamini msomaji wa Juba anaielewa dhambi ya Hofni na Finehasi, wana hao wa Eli, upesi kuliko profesa wa Ulaya, na hiyo ni moja ya sababu za mimi kutaka somo hili liandikwe huku.

Wadinka wana neno dheeng. Francis Mading Deng, mwana wa chifu wa Abyei aliyekuja kuwa mwanasheria na mwanadiplomasia, alilieleza katika vitabu vyake vya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dheeng ni heshima, ni uzuri, ni ukarimu, ni adabu ya mwendo na ya maneno, ni wimbo unaoimbwa vizuri, ni fahali mwenye rangi ya kupendeza. Mtu anaweza kuwa nayo kwa kuzaliwa katika ukoo mkubwa, au kwa umbo na madaha yake, au kwa tabia yake njema tu hata akiwa fukara. Mwanatheolojia anapoletewa neno lenye upana huo anapaswa kushukuru. Mahubiri mengi yametufundisha kuitafuta heshima kwenye viti vya mbele. Dheeng inatukumbusha kwamba namna ya kumpokea mgeni ni heshima pia, na kwamba uzuri ni sehemu ya zawadi.

Kwa Wanuer utakuta sauti nyingine. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliandika jinsi Wanuer walivyojieleza mbele ya Kuoth, yaani Mungu: sisi ni kama sisimizi. Ng'ombe ni wake, watoto ni wake, na akichukua amechukua kilicho chake. Kwa hiyo mtu mwenye zizi kubwa hujihadhari na majisifu. Miongo michache baadaye Sharon Hutchinson, katika Nuer Dilemmas ya mwaka 1996, alikuta fedha imeingia na watu wameanza kuipambanua kwa asili yake. Kulikuwa na fedha ya ng'ombe, iliyopatikana kwa kuuza mifugo, na ilikuwa safi. Na kulikuwa na fedha waliyoiita ya kinyesi, iliyotokana na kazi ya kusafisha vyoo mijini, na waliamini kwamba ng'ombe aliyenunuliwa kwa fedha hiyo hataishi. Hukumu hiyo iliwaonea watu waliofanya kazi halali kwa jasho lao, na injili ina neno la kuwatetea. Lakini chini yake lipo swali ambalo wahubiri wetu wengi wameacha kuliuliza: mafanikio haya yametoka wapi? Tumezoea kuuliza mtu amepata kiasi gani. Wanuer waliuliza amepitia mlango upi.

Utagundua kwamba nawatumia sana wanaanthropolojia wa kigeni, na huenda ikakukera. Inanikera mimi pia. John Mbiti wa Kenya alitufungulia njia mwaka 1969 kwa African Religions and Philosophy, akakusanya pia sala za Kiafrika, lakini kwa lugha za Sudani Kusini kazi bado ni kubwa mno, na vitabu vingi muhimu vimeandikwa na watu waliokuja na kuondoka. Nafasi iliyo wazi ni yako.

Tupande sasa kutoka uwanja wa nyumba hadi taifa. Ngao ya Jamhuri ya Sudani Kusini ina maneno matatu: haki, uhuru, ustawi. Ustawi ni neno la somo letu, na Wakristo wa nchi hii walilipokea kama ahadi yenye anwani katika Biblia. Sura ya kumi na nane ya Isaya inazungumzia nchi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi, watu warefu wenye ngozi laini, nchi iliyokatwa na mito, watakaoleta zawadi mlima Sayuni. Miaka ya vita, makambini na porini, watu waliisoma sura hiyo wakajiona ndani yake. Katika kura ya maoni ya Januari 2011, asilimia 98.83 walipochagua kujitenga, na tarehe 9 Julai bendera ilipopandishwa, wengi waliamini wameliona andiko likitimia kwa macho. Wanahistoria wawili wameifuatilia imani hiyo kwa makini: Jesse Zink katika kitabu cha mwaka 2018 juu ya Ukristo na maafa ya Sudani Kusini, na Christopher Tounsel katika Chosen Peoples ya mwaka 2021.

Mwanafunzi asiyetoka hapa huwa mwepesi wa kuicheka imani hiyo. Asicheke. Watu walioitwa watumwa katika nchi yao wenyewe walihitaji kusikia kwamba Mungu aliwahi kuwataja kwa heshima, na kusikia huko kuliwaweka hai. Yaliyofuata ndiyo yanayotupa kazi. Desemba 15, 2013 bunduki zililia Juba, na vita vilivyoanzia hapo, kwa makadirio ya watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, vilisababisha vifo vya karibu watu 400,000 kufikia mwaka 2018. Taifa lililopewa uzito lilikuwa na watu wenye uma wa meno matatu. Je, unabii ulikosea, au zawadi ilinyakuliwa kabla ya mgao? Ninao msimamo wangu, na umekwisha kuuona, lakini nimewasikia wazee wa kanisa wakitoa majibu mengine kwa machozi, na sipendi uufuate wangu kabla hujawasikiliza wao.

Jambo la injili ya mafanikio nitalieleza kwa kifupi, ingawa ndilo linalowavuta wanafunzi wengi. Kate Bowler, katika Blessed ya mwaka 2013, ameonyesha mizizi yake Marekani: mafundisho ya nguvu ya akili na ya maneno yanayotamkwa, mikutano ya uponyaji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha wahubiri kama Oral Roberts na Kenneth Hagin, wote wawili wakiwa na makao ya huduma zao eneo la Tulsa, Oklahoma. Ilifika kwetu kwa kanda, kwa satelaiti, kwa wachungaji waliosomea Nairobi na Kampala, na leo katika Juba utasikia mwito wa kupanda mbegu madhabahuni ili uvune gari, viza, ndoa. Mwaka 2009 wanatheolojia wa harakati ya uinjilisti ya Lausanne walikutana Akropong, Ghana, wakaandaa tamko linalokubali kwamba Mungu hubariki na kuponya, na kukataa kwamba baraka hupimwa kwa mali. Lisome.

Lakini kabla hujahukumu, kaa nyuma ya kanisa la mabati Jumapili moja na uwatazame wanaotoa. Mtumishi wa serikali aliyekaa miezi mingi bila mshahara. Mwendesha bodaboda anayelipa deni la pikipiki. Mama mwenye meza ya nyanya na bamia katika soko la Konyo Konyo. Hawa hawana tamaa kuliko mimi na wewe. Wanamwamini Mungu anayejali tumbo, na hapo wako sahihi. Biblia haijui Mungu asiyejali tumbo. Kosa liko kwenye mkataba waliouziwa, kwamba sadaka ni bei na Mungu ni muuzaji asiyeweza kukataa. Zawadi ikishakuwa na bei, imeacha kuwa zawadi, na anayekosa analaumiwa kwa imani haba juu ya njaa aliyonayo. Sina upole kwa wanaowafanyia hivyo mama wa nyanya. Mhubiri, yule wa Agano la Kale, aliona jambo ambalo wahubiri wa mbegu hulipita: Mungu anaweza kumpa mtu mali na heshima bila kumpa uwezo wa kuvifurahia, na uwezo wa kufurahia ni zawadi ya pili, inayosimama peke yake.

Kuna mtakatifu ambaye Juba humsikia kila siku hata bila kumfikiria, kwa kuwa redio ya Kanisa Katoliki iliyoanza hapa mwaka 2006 ina jina lake. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, mwili wake ukachanjwa kwa wembe na majeraha yakapakwa chumvi ili makovu yabaki. Hofu ilimsahaulisha jina alilopewa na mama yake. Bakhita ni jina walilompa waliomteka, na maana yake ni mwenye bahati. Alipelekwa Italia, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikatamka kwamba yu huru. Mwezi Januari 1890 alibatizwa, kisha akawa mtawa wa Canossa. Huko Schio alipika, alishona, na kwa miaka mingi alikuwa bawabu, akifungua mlango wa nyumba ya watawa. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu.

Hapa mwanafunzi anapaswa kukaa kwa muda mrefu. Ni rahisi kusema: tazama, Mungu alimwinua kutoka mavumbini kama katika wimbo wa Hana. Ni kweli, lakini ukweli huo ni hatari ukishikwa vibaya. Inasimuliwa kwamba Bakhita alisema angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana bila hayo yaliyotokea asingemjua Kristo. Maneno hayo ni mali yake. Ana haki ya kuyasema juu ya makovu yake mwenyewe. Mimi sina haki ya kuyachukua na kumwambia msichana aliyetekwa wiki iliyopita kwamba utekaji wake ni mpango wa heshima. Tofauti kati ya ushuhuda na fundisho ni sehemu ngumu kuliko zote katika somo hili, na nimeona watu wema wakiivuruga wakiwa mimbarini. Ushuhuda husemwa na aliyeumia, kwa wakati wake, akitazama nyuma. Fundisho linadai kuwafaa wote. Kitabu cha Ayubu kimewaweka marafiki watatu waliogeuza moja kuwa jingine, na mwishoni Mungu anawakasirikia.

Miaka ileile ya vita, ile ya kusoma Isaya makambini na porini, ilizaa watu ambao heshima yao haikutoka kwenye cheo chochote. Marc Nikkel, kasisi Mmarekani aliyeishi na Wadinka na kufariki mwaka 2000, alikusanya na kutafsiri nyimbo zao. Kitabu chake kilitoka Nairobi mwaka 2001. Watunzi wengi walikuwa vijana na wanawake ambao kwa kawaida ya zamani wasingesimama mbele ya wazee. Mary Alueel Garang, wa Wadinka wa Bor, ndiye anayejulikana zaidi, na nyimbo zake ziliimbwa chini ya miti ambako hapakuwa na padri wala kitabu. Uzito wa taifa zima ulikaa katika koo la mwanamke kijana. Ukitaka kujua theolojia ya heshima ilivyoandikwa Sudani Kusini, anza na nyimbo kabla ya nyaraka za maaskofu.

Na maaskofu nao wapo. Paride Taban, aliyezaliwa mwaka 1936 na kuwa askofu wa Torit mwaka 1983, aling'atuka mwaka 2004, miaka kadhaa kabla ya umri ambao kanisa lake huwataka maaskofu wastaafu. Alikwenda Kuron, mbali mashariki, kwa wafugaji walioibiana ng'ombe na kuuana kwa vizazi, akaanzisha Kijiji cha Amani cha Utatu Mtakatifu. Wazo lilimjia alipotembelea Neve Shalom huko Israeli mwaka 1993, kijiji ambako Wayahudi na Wapalestina huishi pamoja. Tuzo zilimfuata hukohuko Kuron, ikiwemo ile yenye jina la Sergio Vieira de Mello mwaka 2013. Alifariki Novemba 1, 2023. Katika nchi ambako watu wamepigana ili wasiachie kiti, mtu aliyeacha kiti chake mapema na akazidi kuwa mzito ni andiko la kusomwa darasani kama lile la Samweli.

Picha nyingine unaijua. Aprili 11, 2019, mwishoni mwa mafungo ya viongozi wa Sudani Kusini huko Vatikani, Papa Fransisko, mwenye miaka 82 na magoti mabovu, aliinama hadi sakafuni akabusu viatu vya Rais Salva Kiir, vya mpinzani wake Riek Machar na vya wenzao, mmoja baada ya mwingine. Dunia ilitafuta maneno ya kueleza kitendo kile. Kiswahili kilikuwa nayo. Salamu yetu ya shikamoo, kama wazee wanavyotueleza, ni nashika miguu yako, na mdogo ndiye humpa mkubwa. Siku ile mkubwa alimpa mdogo, kwa mwili mzima, akabaki akisubiri marahaba. Sijui theolojia ya Wafilipi sura ya pili, ya yule aliyejishusha na kwa hiyo akakirimiwa jina, iliyowahi kuelezwa kwa ufupi kuliko vile. Februari 2023 Papa alikuja Juba mwenyewe, pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Canterbury na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, akaadhimisha misa kwenye kaburi la John Garang, aliyeongoza vita vya ukombozi. Kama marahaba imeitikiwa, hilo litajibiwa na maisha ya watu wa Gudele.

Juu ya namna ya kufanya kazi, nina ushauri mmoja tu wa mwanzo. Usianze maktabani. Watu wa nchi hii huweka historia ya neema ndani ya majina. Mabior, jina lililo ndani ya jina la John Garang de Mabior, ni fahali mweupe; na fahali mweupe ndiye aliyechinjwa pale Wunlit mwaka 1999, Wadinka na Wanuer walipopatana chini ya Baraza la Makanisa la Sudani Mpya. Ikabodi alibeba msiba wa taifa katika jina lake. Bakhita alinyang'anywa lake akaishi na la kupachikwa hadi likawa kweli. Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi ni hili: nenda kwa aliyekupa jina, au kwa anayemkumbuka aliyekupa, umwulize sababu, na uandike vitenzi vyake jinsi alivyovitamka, katika lugha aliyotumia. Nani alitoa, nani alipokea, nani alipewa.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinirudishia karatasi yenye mistari mitatu. Nikamwuliza kama alikuwa na haraka. Akasema hapana, bibi yake ndiye aliyekuwa na maneno machache. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake na maana yake. Wa pili, mwaka wa ukame aliozaliwa. Wa tatu ulikuwa mrefu, ukaenda hadi ukingo wa karatasi na kupinda kushuka pembeni: majina ya watu wote waliokula nyama siku alipopewa jina, na kila mmoja alipewa sehemu gani.